Mmoja Hasemi, Mwingine Hasomi, Nami Nimeambiwa Niwarudishe Gredi ya Pili

BARUA

Bi Mwalimu, shikamoo. Natumai wewe na wa nyumbani hamjambo.

Mimi nasomesha Gredi ya Nne katika shule moja ya umma hapa kisiwani Lamu. Darasa langu lina watoto 54. Wengi wanakwenda vizuri, wachache wanajivuta, na hilo ni la kawaida. Wawili ndio walionishinda, na ndio nakuandikia kwa ajili yao.

Wa kwanza ni binti wa Kiorma. Ukame uliwamalizia ng'ombe kule upande wa Tana River, wakahamia huku kwa jamaa yao. Aliingia kwetu mwaka jana, muhula wa pili ukiwa katikati. Darasani hanyanyui mkono hata siku moja. Nikimuuliza jambo hutazama meza mpaka nipite. Alipofika alikuwa akisema maneno yaliyopinduka, kama "Mimi kalamu nataka," na vitabu kwake vilikuwa "fitabu". Sasa hata hayo hayasemi mbele yangu. Juzi niliwapa kazi ya kuandika kuhusu mwili, akaandika: "Kitwa changu kinauma nikitizama ubao, na mato yangu." Nikalizungushia kalamu nyekundu kila kosa, ukurasa ukawa mwekundu.

Wa pili ni mvulana, mzaliwa wa papa hapa, na kwa mdomo hana mpinzani. Akianza kukueleza namna yeye na babake wanavyotega samaki kwa dema, utasikiliza mpaka kengele ilie. Hesabu za kichwa hujibu kabla sijamaliza kuuliza. Chuoni, yaani madrasa, amehifadhi juzuu ya Amma ya Kurani yote. Lakini mpe kitabu asome! Zamu yake ikikaribia huomba ruhusa ya choo, au atatoa neno la mzaha darasa zima licheke. Mara chache akisoma vizuri, nimekuja kugundua kwamba wenzake walikuwa wameshausoma ukurasa ule kabla yake. Akiandika, "mbuzi" huwa "buzi", "kuanza" huwa "kuaza", na b na d zinabadilishana kila siku.

Mwalimu mkuu ameniita ofisini. Anasema wote wawili ni watoto wazito, niwarudishe Gredi ya Pili, na wasiposhika huko wapelekwe yuniti ya elimu maalum ya shule jirani, kwa sababu wanatushusha. Mwenzangu wa Kiingereza naye humsimamisha yule mvulana mbele ya darasa mpaka asome, akisema huo ni uvivu tu. Tena kuna orodha ya viranja: anayesema lugha ya nyumbani huandikwa jina, na Ijumaa huadhibiwa kwa kufagia. Binti yumo karibu kila wiki kwa kuzungumza na binamu yake wa Gredi ya Tano.

Wazazi nao wana yao. Baba wa mvulana aliniambia, "Chuoni anasoma, kwenu hasomi. Basi kasoro iko kwenu." Mama yake anaona ni jicho la hasidi, ameshampeleka akasomewa na kunyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa. Mama wa binti huja mikutanoni akakaa kimya, akaondoka kimya.

Sikusomea elimu maalum. Chuo cha ualimu tulipitishwa somo moja tukafanya mtihani basi. Nifanye nini na hawa wawili huku nina wengine 52 wananingoja? Na je, nikiwarudisha darasa nitakuwa nimewasaidia?

Mwalimu wa Gredi ya Nne, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Swali lako la mwisho ndilo jepesi, kwa hiyo nalimaliza kwanza. Usiwarudishe. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, inakataza kumzuilia mwanafunzi darasa. Na hata kama sheria isingekuwapo, ningekuuliza: Gredi ya Pili watapata nini ambacho hawakukipata? Mvulana alishapita Gredi ya Pili, akafundishwa silabi kwa njia ileile, hazikumwingia. Binti naye utamtoa kwa watoto wa rika lake, ambao ndio wanaomfundisha Kiswahili hivi sasa bila wewe kujua. Hilo nitalirudia.

Kosa kubwa la kikao chenu ofisini ni kuwaweka watoto hawa kwenye kapu moja. Mmoja hana lugha ya darasa lako. Mwingine anayo lugha tele, ila herufi hazimtii. Dawa ya huyu haimfai yule, na ndiyo maana nitawachukua mmoja mmoja.

Nianze na binti, na nianze na sentensi yake. Isome tena bila kalamu nyekundu: "Kitwa changu kinauma nikitizama ubao, na mato yangu." Mwanangu, mtoto anakwambia akiangalia ubao kichwa kinamuuma na macho yanamuuma! Huyu ambaye hazungumzi amekuandikia shida yake kwa mkono wake, nawe ukasahihisha tahajia. Kabla ya jambo lolote lingine, mzazi ampeleke hospitali ya kaunti akapimwe macho, na masikio pia palepale. Wakati unangoja, msogeze benchi la mbele, na mstari wa ubaoni uandike kwa herufi kubwa. Masikio unaweza kuyajaribu kidogo wewe mwenyewe: akiwa amekupa mgongo, mwite kwa sauti ya chini ukiwa hatua chache nyuma yake, uone kama atageuka. Watoto wengi wanaoitwa wazito wana usaha wa masikio wa muda mrefu tu, na hakuna aliyewauliza.

Sasa hayo makosa yenyewe. "Kitwa" na "mato" si makosa ya mtoto asiyejua. Ni Kiamu, lahaja ya hapa Lamu. Watoto wa hapa wakicheza husema ndoo, yua, kitwa, mato. Vitabu vyako vimeandikwa kwa Kiswahili sanifu, na hicho kilijengwa juu ya Kiunguja tangu mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Binti huyu hakuja na Kiamu kutoka Tana River. Amekiokota hapa, uwanjani na kisimani, kwa wenzake. Tena tazama alivyosema "kitwa changu kinauma" na "mato yangu". Kiorma hakina ngeli kama zetu, na mtoto huyu ameshazipatanisha mbili bila kukosea. Linganisha na ile "Mimi kalamu nataka" ya mwaka jana. Kiorma ni jamaa ya Kioromo, na lugha hiyo huweka kitenzi mwishoni mwa sentensi, ndipo kalamu ikatangulia. Sauti za v na z nazo si za asili huko, ndipo vitabu vikawa "fitabu". Ukiziweka sentensi mbili hizi pamoja utaona mtoto aliyepiga hatua ndefu kwa muda mfupi. Mimi ningemwonyesha mwalimu mkuu daftari hilo kabla ya kufungua mdomo.

Ukimya wake usikutishe mno. Mtoto aliyetupwa ndani ya lugha ngeni huweza kukaa miezi mingi akisikiliza tu kabla ya kuthubutu kusema. Mtafiti Jim Cummins wa Kanada, tangu mwaka 1979, alitenganisha lugha ya mchezoni na lugha ya masomo. Ya mchezoni mtoto mhamiaji huipata kwa kama miaka miwili. Ile ya kueleza kwa nini maji huchemka, au ya kufafanua swali la Hisabati, huchukua miaka mitano hadi saba. Na yeye ameingia kwenu vibaya zaidi, kwa sababu sera yetu inasema Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu wafundishwe kwa lugha ya eneo, na kuanzia Gredi ya Nne masomo ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo hajakaa sawa kwenye Kiswahili, na mara Kiingereza hicho.

Pamoja na hayo, usikurupuke kusema ni lugha tu. Kuna mtoto mgeni wa lugha ambaye pia ana tatizo la kweli la usemi au la akili, na wa namna hiyo huachwa miaka mingi kwa kisingizio cha lugha. Njia ya kujua ni moja: msikilize katika Kiorma. Tatizo la lugha lililo ndani ya mtoto hujitokeza katika kila lugha anayoisema, halichagui Kiswahili peke yake. Tafuta mtu mzima anayekijua vizuri. Binamu yake asitumike kwa hili, ni mtoto naye. Hapo mtaani hawakosekani, pengine mmoja wa akina mama wanaouza maziwa. Muombe azungumze na binti kwa utulivu, amwache asimulie safari yao ya kuja Lamu, kisha wewe umuulize huyo mama: anazungumza kama watoto wa umri wake, au kuna maneno yanampotea? Anaeleweka? Anafuata kisa mpaka mwisho? Akikwambia mtoto huyu anasema kama radio, basi moyo wako utulie.

Mtu huyohuyo ndiye atakusaidia kuzungumza na mama yake. Mama hakai kimya kwa dharau, hakielewi Kiswahili cha mkutano. Muulize vitu vinne hivi: mtoto alitembea na kusema kwa wakati, aliwahi kuugua sana, masikio yaliwahi kutoka usaha, na alisoma shule miaka mingapi kabla ya kuja. Hilo la mwisho usilipuuze. Familia zinazohama na mifugo, mtoto anaweza kuwa na umri wa Gredi ya Nne na shule ya mwaka mmoja na nusu tu. Huyo hana ugonjwa, ana pengo la masomo, na pengo hujazwa.

Darasani kwa sasa, acha kumrushia swali la ghafla mbele ya watu 53. Anza na maswali ya kuonyesha kwa kidole, kisha ya ndiyo na hapana, kisha ya neno moja, na swali la sentensi nzima mpe mapema ili ajiandae na mwenzake. Mketishe na msichana mwenye subira na mwenye maneno mengi. Aina hiyo kila darasa lina. Kabla ya somo la Sayansi andika pembeni mwa ubao yale maneno matano yatakayobeba somo, chora picha hata kama mchoro wako ni mbaya, na kila neno liseme kwa Kiingereza na Kiswahili. Sijaona mwalimu aliyeandikiwa barua ya onyo kwa kueleza neno kwa Kiswahili, na wale 52 watakushukuru, maana nusu yao pia hawakuwa wakielewa, walikuwa wakikuitikia tu. Likija somo la ufugaji katika Kilimo, muulize yeye. Ng'ombe anawajua kuliko mimi na wewe.

Na ile orodha ya viranja ichomwe. Sipendi maneno makali lakini hili linanikera tangu nilipokuwa mwanafunzi. Katiba ya 2010, kifungu cha 44, inampa kila mtu haki ya kutumia lugha yake. Hayo mazungumzo na binamu yake ndiyo dakika pekee za siku ambazo mtoto yule anafikiri kwa akili yake yote. Angeweza kumuuliza binamu, "Mwalimu alisema nini kuhusu mizizi?" akaelezwa, akarudi darasani anajua. Nyinyi mnamfagiza uwanja kwa hilo.

Tuje kwa mvulana.

Huyu dalili zake nimeziona mara nyingi, na ndizo zinazowafanya walimu wakasirike, kwa sababu mtoto mwerevu asiyesoma huonekana mkaidi. Anazo hila zote: choo, mzaha, na kukariri. Umeshagundua mwenyewe kwamba husoma ukurasa ambao ameusikia. Thibitisha: mwite peke yake, funika picha kwa mkono, mwambie asome mstari wa mwisho kwanza, kisha wa juu yake, akipanda. Kisha muonyeshe neno moja moja bila mpangilio. Kama anasoma kwa kumbukumbu, hapo atakwama pale pale. Fanya hivyo kwa upole, na ukimaliza mwambie kwamba umeona jinsi alivyo na kumbukumbu kali, kwa sababu hiyo ni kweli.

Halafu nenda kamuone mwalimu wake wa chuo. Baba anasema chuoni anasoma, na mimi nasema pengine chuoni anasikiliza. Amma huhifadhiwa kwa sikio. Muombe mwalimu wa chuo afungue msahafu kwenye sura ambayo kijana hajaihifadhi, aweke kidole katikati ya mstari, amwambie atamke herufi. Akisoma vizuri hapo, tatizo liko kwenye namna alivyofundishwa hati ya shule, na ni habari njema. Akikwama kule kama anavyokwama kwako, basi una ushahidi kutoka kwa mwalimu wa pili, kwa hati ya pili, kwamba mtoto ana shida ya kufunga sauti na herufi. Utamsikia mtu akisema b na d zinabadilishana kwa sababu chuoni huanza kulia kwenda kushoto. Usikubali. Watoto wako wengi wanatoka chuoni na hawana shida hiyo.

Ninalolishuku ni disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kuandika. Sikupi hukumu, kwa sababu sijamuona na hukumu si kazi yangu wala yako. Nakupa sababu ya kumpeleka apimwe. Tahajia ya Kiswahili ni nyofu, herufi na sauti zinakwenda pamoja. Mtoto aliyezishika silabi zake husoma hata neno asilolijua maana. Kwa hiyo mtoto anayejua maneno mengi hivi, aliyekaa miaka mitatu na vitabu vya Tusome, vile vya kujifunzia kusoma madarasa ya chini, na bado "mb" inamponyoka akaandika "buzi", si mvivu. Shida yake iko kwenye kuzisikia na kuzitenga sauti zilizo ndani ya neno. Haihusiani na akili, na mara nyingi huwa ndani ya familia. Na ujue mapema: wengi wao katika lugha kama yetu huja kusoma kwa usahihi, lakini hubaki kusoma polepole. Usimpime kwa saa.

Utakachofanya ni robo saa kila siku, yeye na wengine watatu au wanne wa aina yake, ambao wamo humo darasani ila hawapigi kelele. Wengine wakiwa wanaandika, kaa nao kwenye mkeka nyuma. Anza na zile sauti zinazomponyoka. Weka kadi mbili mbele yake, "ba" na "mba". Kisha "da" na "nda", "ga" na "nga". Atamke, aguse, aandike kwa kidole kwenye mchanga, atamke tena. Mpe "tega" na "tenga" aseme tofauti iko wapi, na kwa kila sauti asukume kifuniko kimoja cha soda. Ukimuona amesukuma kifuniko cha ziada kwenye "tenga" bila kuambiwa, siku hiyo kuna kitu kimefunguka. Usihamie sauti nyingine mpaka ya jana imekaa, na kila siku anza kwa ya jana.

Nikuachie na jambo moja ambalo mimi nililipenda sana kazini. Mwache akusimulie habari ya dema, wewe uandike maneno yake kama alivyoyasema, sentensi nne au tano: nanga, tanga, ngarawa, chambo. Hicho ndicho kitabu chake cha kusoma. Ila huyu atakikariri kabla hujafunika kalamu! Kwa hiyo kata sentensi vipande, neno moja kila kipande, uvichanganye, ayapange upya. Kumbukumbu haitamsaidia tena, itabidi aziangalie herufi. Na atahangaika kwa hamu, kwa sababu mambo yenyewe ni yake.

Katika masomo mengine usimnyime maarifa kwa sababu ya hati. Mtihani wa Sayansi msomee maswali, ajibu kwa mdomo, wewe andika. Usimkate alama ya Kilimo kwa "buzi". Kwenye ripoti yake kusoma kunaweza kuwa "mbali na matarajio" na Hisabati ikawa "kuzidisha matarajio", na zote mbili ziwe kweli. Ikifika KPSEA, mtihani wa kitaifa wa Gredi ya Sita, mahitaji ya mtoto hutajwa wakati wa kumsajili, kwa hiyo karatasi zake ziwe tayari mapema.

Mwenzako wa Kiingereza umfuate faraghani, usimseme mbele ya walimu. Mwambie kumsimamisha mtoto hivyo kunamfundisha kuchekesha, hakumfundishi kusoma. Kifungu cha 36 cha sheria ileile kinakataza kumtesa mwanafunzi, mwilini na moyoni. Akisema yeye alisomeshwa hivyo, mwache aseme, lakini muombe akuachie mtoto huyo asome kwako.

Yuniti ya elimu maalum si jela, na siisemi vibaya. Wako watoto wanaonawiri humo, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, imekuwa ikitayarisha walimu wa kazi hiyo tangu 1986. Chunguza shuleni kwenu au jirani kama yuko mwenye diploma ya KISE anayefundisha darasa la kawaida. Wapo wengi, na hakuna anayewauliza kitu. Lakini mtoto hapelekwi yuniti kwa kauli ya ofisini. Hupimwa kwanza katika kituo cha tathmini, kile tunachokiita EARC. Vituo hivi vipo tangu mwaka 1984, vilianzishwa kwa msaada wa Denmaki, na ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu itakuelekeza. Sera ya serikali ya mwaka 2018 nayo inataka mtoto asome pamoja na wenzake kwanza, na msaada umfuate alipo. Mwalimu mkuu akisema wanatushusha, usibishane naye juu ya alama. Mpelekee kwa kila mtoto ukurasa mmoja: anaweza nini, anakwama wapi, utajaribu nini muhula huu, utaangalia lini. Hiyo ndiyo IEP, mpango wa masomo wa mtoto mmoja mmoja, na inamtosha mkuu kumwonyesha ofisa yeyote atakayekuja.

Kwa baba wa mvulana, usianze na neno disleksia. Mkute pwani au msikitini baada ya alasiri, msifu mtoto kwa dema na kwa Amma, kisha muulize yeye mwenyewe kusoma kulimwendea vipi utotoni. Kinamama na kinababa wengi hapo hunyamaza kidogo, halafu husema. Mama akitaka kombe, anywe; dini yake na imani yake si kazi yetu kuzipangia. Wewe muombe tu kwamba siku ya kupimwa mtoto asikose.

Barua za kwenda EARC ziandikwe kwa jina la mwalimu mkuu, ziwe mbili, kila mtoto na yake. Ya mvulana ibebe kurasa za daftari zenye "buzi" na "kuaza", pamoja na aliyokwambia mwalimu wa chuo. Ya binti itaje macho na masikio juu kabisa, itaje kwamba lugha yake ni Kiorma na kwamba atahitaji mtu wa kumtafsiria siku hiyo, la sivyo watampima Kiswahili wakadhani wamempima yeye. Nakala zibaki kwenye faili lako.